Redio ya Mama Ndani ya Mashine ya Baba

Kunguru wa Lundo wana adabu mbaya kuliko kunguru wa mahali popote nilipopita, na nimepita mahali pengi. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akianika usipa mchangani, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa wanaong'aa kama sindano, halafu ananikabidhi fimbo ya mwanzi. "Haya, askari, linda mali." Nilikuwa sijaanza hata shule. Palikuwa na kunguru mmoja mwenye bawa lililochanika, huyo alikuwa ananijua. Haji kwa kuruka. Anakuja kwa miguu, taratibu, anatazama pembeni kama muumini aliyechelewa ibada, akifika karibu anadokoa usipa mmoja na kunitazama usoni wakati anaumeza. Nililia kwa hasira, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

Bibi alicheka kwa sauti kubwa kupita watu wengine kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Ukitaka kusema naye lazima uzunguke upande wa kulia. Mimi nilikuwa nasahau, nasimama kushoto nasimulia habari zangu zote mpaka mwisho, naye anaendelea kugeuza usipa tu. Nikimaliza anageuka, "Loo, kumbe upo?" Siku hizi nadhani alikuwa anasikia kidogo, ila alipenda kunichokoza. Sina hakika. Wa kumwuliza hayupo.

Basi siku moja tunaondoka kurudi kwetu Kitura, huko juu milimani alikoolewa mama, bibi akamshika mama mkono.

"Wewe umeolewa mawinguni," akamwambia. "Mimi nikifa nani ataniosha?"

"Mama, maneno gani hayo asubuhi yote hii?"

"Nauliza. Hawa wake za kaka yako wana mikono ya baridi."

Wake za mjomba walikuwa pale pale, wakapiga vigelegele kwa kucheka. Mmoja akasema, "Tutakuwekea maji moto, mama, usiwe na wasiwasi." Lakini bibi hakucheka. Kwao, mama akifa, binti yake mkubwa ndiye anayemwosha, na mama yangu ndiye alikuwa mkubwa, tena binti pekee. Asipofika, marehemu anaoshwa na wengine, na jambo hilo halirudiwi. Huwezi kusema nitakuja mwaka kesho nimwoshe.

"Nunua redio," bibi akasema. "Wilfredi atatangaza. Usikie, upande lori, uje."

Wilfredi ndiye mjomba, kaka yake mama. Alikuwa amesimama pale amenibeba begani, akaitikia, "Nitatangaza siku tatu mfululizo mpaka usikie, dada." Wakacheka tena. Tukaondoka.

Yote haya yamenirudia juzi hapa Mbinga mjini. Nilipita kwa kijana mmoja anayetengeneza simu, alikuwa anachomelea, na ule moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya ukanipata puani. Wa rika langu mnaijua harufu ile ya mafundi redio, kama utomvu wa mti umeungua juu ya chuma. Nikasimama. Kijana akaniuliza, "Shikamoo mama, simu imeharibika?" Nikamwambia, simu nzima, mimi ndiye nimeharibika, nina hasira. Akacheka akijua ni utani. Haukuwa utani. Nimeikalia hasira hii tangu nina meno ya utoto, na kwa kuwa nimesoma mpaka darasa la nne tu, msinidai mpangilio, nitaiandika inavyokuja.

Mama alinunua redio. Aliuza maharage ya ngolo zake mwenyewe. Kwa asiyejua, ngolo ni yale mashimo tunayolima kwenye miteremko kwetu Umatengo. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba, wakimaliza hao kazi yao imekwisha, wanakwenda kukaa. Wanawake ndio wanaoinama na jembe kufukia majani yale, shimo kwa shimo, mpaka mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Kwa hiyo niseme redio ile ilitoka mgongoni mwa mama, na nisikosee.

Ilikuwa redio ya zamani, nzito, kifuniko chake cha mbao. Akaifumia kitambaa cheupe, akaiweka juu ya kabati, na watoto tukakatazwa hata kuipulizia. Saa ya matangazo ya vifo inapofika mama anaacha kila kitu. Majirani wanakuja wanakaa mlangoni, maana mlimani kwetu redio nyingine ilikuwa ya katekista peke yake. Hakuna anayekohoa. Mtangazaji anasoma, bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa, kilichotokea mahali fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Mama ameinamisha kichwa. Jina la Lundo lisipotajwa anashusha pumzi, anasema, "Bado yupo," anarudi jikoni. Ndivyo alivyokuwa anamwona mama yake kila siku, kutoka mbali vile, kwa kutosikia jina lake.

Sasa baba.

Watu hukaa msibani wakasema baba yenu hakuwa mtu mbaya. Mimi sisemi hivyo. Wala sisemi alikuwa mbaya. Nasema alikuwa mtu wa kutaka kusifiwa, na ukikaa na mtu wa namna hiyo utaumia.

Zamani kahawa yetu ilikwenda ushirika, basi, hapakuwa na mlango mwingine. Kisha ikaja ruhusa, wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na malori yao, na maduka ya Mbinga ambayo tuliyazoea na rafu tupu yakajaa sabuni, mabati, viatu vya plastiki, kila rangi. Watu walipata kichaa kidogo. Jirani yetu mmoja alinunua friji na umeme hakuna, akawa anafungia kuku wanaoatamia. Wakati huo huo serikali ikapunguza wafanyakazi. Bwana shamba wetu, mtu wa Bukoba, alipunguzwa, na kabla hajarudi kwao akauza vitu vyake barazani. Kitanda, baiskeli, na mashine ya kupigia muziki wa sahani, yaani sidii, aliyoachiwa na wazungu wa mradi ilipokuwa imeshawachosha. Baba akainunua mashine. Alipewa na amplifaya ndogo, spika mbili na sahani chache. Akaifunga kwa betri ya lori.

Siku ya kwanza watu walijaa uani. Sahani ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, na sauti iliyotoka, wee, ilikuwa kama mtu anayeimba amefunikwa blanketi. Gitaa linakwaruza, besi hakuna. Mzee mmoja akasema, "Huyu mwimbaji anaumwa?" Watu wakaangua kicheko. Baba akazima. Nilimtazama usoni, nikaona kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Leo nakielewa. Alikuwa amechekwa, na asingelala mpaka aliyemcheka amsifu.

Akaibeba mashine mpaka Mbinga, kwa fundi aliyekaa kwenye baraza la duka la Mzee Shabani, mtu wa pwani aliyeuza betri na vitambaa. Mimi nilikuwepo, nimepelekwa kununuliwa daftari. Fundi Kassimu akafungua kifuniko, akatazama, akapuliza vumbi.

"Inasoma sahani vizuri kabisa," akasema. "Ugonjwa uko hapa mwisho, kwenye kutolea sauti. Hizi kapasita zimezeeka, na haka ka-aisii ka kukuza sauti hata kalipokuwa kapya kalikuwa dhaifu. Muziki unafika mlangoni, halafu mlango ni mwembamba."

"Panua mlango," baba akasema.

"Nipanue kwa kitu gani? Vifaa hivyo Mbinga havipo. Songea labda. Dar vipo."

"Dar nitakwenda lini mimi?"

Fundi akafikiri. "Una redio ya zamani nyumbani? Zile za zamani zina transista nzuri za kutolea sauti, na kapasita nene. Nikizitoa nikazipanga hapa, mashine hii itaimba utalia."

Mzee Shabani alikuwa anapima kitambaa, akainua kichwa. "Baba Skola," akasema, na Skola ndiye mimi, "redio si ya mama watoto ile?"

"Nyumba moja hiyo," baba akajibu.

"Nyumba moja, ndiyo. Lakini muulize."

Baba hakuuliza. Mama alikwenda shambani, na baba akaitoa redio kwenye kitambaa chake cheupe, akakikunja vizuri, nakumbuka alivyokikunja vizuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, akaitia redio ndani ya gunia la kahawa. Akaenda nayo.

Mashine iliporudi, jamani, na mimi nitasema kweli hata kama inaniuma. Ilikuwa nzuri. Sauti ilitoka pana, ya joto, gitaa unasikia kila uzi peke yake, unamsikia mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya neno. Mimi mtoto nilidhani kuna watu nyuma ya ukuta. Yule mzee aliyecheka akavua kofia, akasema, "Sasa amepona." Baba alitabasamu siku nzima.

Mama alirudi na jembe begani, akaona kabati tupu. Akatazama lile gamba la redio pale chini, kifuniko cha mbao, na ndani nyaya zimening'inia.

"Baba Skola, redio yangu?"

"Haijafa, imehama. Imo humu." Akaipiga mashine kofi la upendo. "Sasa ina sauti kuliko zamani."

"Hicho kitu kinasoma sahani. Hakisomi upepo. Vifo nitavisikia wapi?"

"Fundi anaagiza vifaa Songea. Wiki ijayo anairudishia yake. Wiki moja tu, mama, nani atakufa wiki moja?"

Wanaume waliokuwa wamekaa wakacheka. Mama akaokota lile gamba, akalirudisha juu ya kabati, akalifunika kitambaa.

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Kila mama akiuliza, fundi amesafiri, au vifaa vimekuja vya aina nyingine. Mvua zikakaza, barabara ya kushuka ziwani ikakatika, malori yakaacha kupita. Katekista naye alikuwa kalazwa Peramiho na redio yake kaifungia ndani. Mama akaanza kwenda barabarani jioni kuuliza wapita njia, "Mmesikia nini redioni?" Wengine walimdhania anatafuta habari za bei ya kahawa.

Na mimi? Mimi nilimwamini baba. Alisema redio imo humu, nikajua imo. Saa ya matangazo ikifika nilikuwa najipeleka mwenyewe mbele ya mashine, nakaa kama mama alivyokuwa akikaa, kichwa chini, mikono mapajani. Imezimwa, hata taa ya kijani haiwaki. Nasikiliza. Kimya. Nikawa nashusha pumzi kama yeye, nasema, "Bado wapo." Nilidhani hakuna anayekufa. Nilidhani tangu redio ihamie nyumba nzuri, watu dunia nzima wameacha kufa, na nikafurahi, nikamwambia mama jikoni, "Mama, leo tena hakuna." Akanivuta kifuani kwake, akanibana mpaka nikaumia. Sikujua kwa nini.

Ndugu zangu, wakati mimi nimekaa pale, mjomba Wilfredi alikuwa ametangaza. Siku tatu mfululizo, kama alivyoahidi kwa utani. Habari ziwafikie dada yake, Kitura, Mbinga. Nchi nzima ilimsikia ila nyumba yetu. Waliuweka mwili mpaka hauwekeki tena. Wake za mjomba, wenye mikono ya baridi, ndio waliomwosha.

Hayo tuliyajua baadaye. Sasa niwaambie siku yenyewe alipokuja mjomba.

Palikuwa na jua baada ya mvua nyingi. Wanaume walikuwa wamemaliza kufyeka, wamekaa uani na kibuyu cha pombe, mashine mbele yao juu ya meza, inaimba. Mama na wanawake wengine wako mlima wa pili, wanafukia ngolo. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Nikamwona mjomba anapanda njia, miguu imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa ametembea siku nzima na zaidi kutoka ziwani. Kwapani ana kifurushi, na kichwa amenyoa chote, kipara kinang'aa. Mimi nikacheka. Nikadhani kanyoa chawa, kumbe kwao ndivyo hunyolewa aliyefiwa.

"Shikamoo mjomba!"

Hakuitikia. Hakuninyanyua. Mimi macho yangu yako kwenye kifurushi, najua ni usipa. Haukuwa usipa. Kilikuwa kitenge cha bibi, fungu la mama, walipogawa nguo za marehemu.

Alisimama ukingoni mwa uwanja akautazama ule muziki. Nasema akautazama, maana alikuwa anaiangalia mashine kama mtu anayeangalia nyoka.

"Shemeji!" baba akapiga kelele kwa furaha. Nadhani alifurahi kweli, alikuwa amepata msikilizaji mpya. "Karibu, karibu kiti! Mleteeni shemeji kikombe! Umekuja wakati mzuri, sikia mambo haya."

Mjomba akasema taratibu, "Redio yenu iko wapi?"

Na hapa, mimi mtoto wake wa kumzaa, nikikumbuka hapa hasira yangu inaanza upya. Angeweza kusema, nimeivunja. Angeweza kusema, ni mbovu tangu mwaka jana. Neno moja tu. Lakini wanaume walikuwa wanamtazama.

"Redio?" baba akacheka. "Redio imo humu humu, shemeji! Nimeboresha! Tunasikia kila kitu, mpaka mtangazaji akimeza mate tunamsikia!"

"Kila kitu?"

"Kila kitu! Hakuna kinachotupita nyumba hii!"

Wale wanaume wakapiga makofi, na mmoja, ameshalewa, akaanza kucheza, akamshika mjomba mkono amvute wacheze. Mjomba akautoa mkono wake polepole, kama unavyotoa mwiba. Akamtazama baba. Nilingoja aseme kitu, na baba naye alikuwa anangoja, kikombe mkononi, bado anatabasamu, anataka asifiwe. Mjomba akageuka, akashuka njia ile ile aliyopandia.

"Ana haraka gani huyu?" baba akauliza. "Labda kasahau mzigo."

Nami nikaamini hivyo hivyo, kasahau mzigo, atarudi. Nikasimama nimtazame. Nikamwona mama anatokea upande wa pili, jembe begani, kuni kichwani, wanakutana pale njia inapopita katikati ya ngolo mpya. Mama alianza kutabasamu. Kisha akakiona kile kichwa kilichonyolewa.

Kuni zilianguka zote. Jembe likaanguka. Aliishika mikono ya kaka yake, naye akaitoa kama alivyoutoa ule wa mlevi, akampita kando kama mtu anavyopita kisiki. Miaka yote iliyofuata mama alishuka Lundo mara nyingi kumweleza, na kila mara jibu lilikuwa moja kupitia mlangoni, mume wako mwenyewe kasema mlisikia.

Nyuma yangu mashine ilikuwa inaimba, na mlango wake ulikuwa umepanuliwa kweli kweli. Nilimwona mama anafungua mdomo kumwita, shingo imemsimama, anaita kwa nguvu zake zote, na kilichonifikia mimi pale mlangoni kilikuwa gitaa, safi, kila uzi peke yake. Mjomba aliendelea kushuka, kipara juani, kifurushi kwapani, akazama nyuma ya mgongo wa mlima. Hakugeuka, na mlima wetu hakuupanda tena.